Usimuue Baba Kwenye Fomu

(Mawaidha kwa vijana na wazazi baada ya Sala ya Alasiri, mwezi mtukufu wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu vijana, dada zangu, na wazee wetu mliokaa nasi alasiri hii. Leo sitazungumza juu ya fadhila za funga. Hizo mmezisikia tangu mwezi ulipoandama na mtaendelea kuzisikia mpaka Idi, inshaallah. Leo nataka tuzungumze habari za fomu. Naam, fomu ya kuomba pesa za chuo. Utauliza, fomu na Ramadhani wapi na wapi? Nivumilie kidogo, utaona vinakutana wapi.

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakitoka, mitaani kwetu kuna furaha. Kijana amepita, chuo amepata, mama amepiga vigelegele. Furaha hiyo inadumu mpaka siku ya kujaza fomu ya ufadhili na mkopo. Hapo fomu inamuuliza: Baba yako ni nani? Yu hai? Anafanya kazi gani? Anapata kiasi gani?

Kwa wengi wetu maswali haya ni mepesi. Lakini kuna vijana ambao kalamu inasimama hapo hapo. Tuseme kuna binti wa Kisauni. Baba yake yu hai, ana duka na gari, lakini alimwacha mama yake miaka kumi iliyopita, na tangu siku hiyo hajampa binti yule hata pesa ya daftari. Tuseme kuna kijana wa Garissa, baba yake ana wake watatu na watoto kumi na wanne, mshahara unaisha kabla haujafika nyumba ya tatu. Tuseme kuna kijana wa Lamu aliyelelewa na nyanya yake tangu utoto, baba alisafiri, na simu yake haipatikani.

Hawa si mayatima, na pia si watoto wa matajiri. Baba yupo, lakini hayupo. Waandike nini?

Kwa nini fomu inamuuliza baba

Kwanza tuelewe fomu inatafuta nini, maana wengi wanaichukia bila kuielewa.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, tunayoiita HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Kazi yake ni kuwakopesha wanafunzi, kisha wakimaliza na kupata kazi warudishe, wengine nao wakopeshwe. Pesa hizo hazitoshi wote kwa kiasi kimoja. Kwa hivyo lazima pawe na njia ya kujua nani ana haja zaidi, na kwa sababu kijana aliyetoka shule hana mshahara wa kupimwa, anapimwa kwa nyumba anayotoka.

Mwezi wa Mei 2023 serikali ilitangaza mfumo mpya uliogawa msaada mafungu mawili: ufadhili, ambao haurudishwi, na mkopo, ambao unarudishwa. Mwanafunzi akapimwa kwa habari za wazazi wake, ukubwa wa familia, mahali anapotoka, ulemavu kama upo, na masomo anayokwenda kusoma. Mwaka 2024 wanafunzi wakawekwa katika madaraja matano.

Sikilizeni hesabu yake, maana hapa ndipo uzito ulipo. Katika madaraja hayo ya 2024, familia yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi ilikuwa daraja la kwanza. Mtoto wake alipewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya masomo, mkopo asilimia 25, na nyumbani wakatakiwa kulipa asilimia 5. Familia yenye kipato cha zaidi ya shilingi 120,000 ilikuwa daraja la tano: ufadhili asilimia 30, mkopo asilimia 30, na nyumbani asilimia 40.

Sasa chukua kozi ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Mtoto wa daraja la kwanza, nyumbani wanatafuta shilingi 15,000. Mtoto wa daraja la tano, nyumbani wanatafuta shilingi 120,000. Tofauti ni shilingi 105,000 kila mwaka. Na ile pesa ya matumizi nayo, ambayo ni mkopo, ilikuwa shilingi 60,000 kwa daraja la kwanza na 40,000 kwa la tano.

Mmeona? Yule binti wa Kisauni, akipimwa kwa duka na gari la baba asiyempa kitu, anaambiwa alete 120,000. Mama yake anauza mahamri na viazi karai. Atazitoa wapi?

Mfumo wenyewe ulipelekwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Madaraja yanaweza kubadilika na viwango vikabadilika. Lakini maadamu pesa ni chache na waombaji ni wengi, lile swali la mzazi litabaki. Kwa hivyo tujifunze kulijibu.

Na wenzetu wa ng'ambo wanaulizwa

Wengine mnadhani jambo hili ni la Kenya tu. Sivyo. Wengi wetu tuna ndugu London, Birmingham au Minneapolis. Waulizeni.

Uingereza mwanafunzi anayeomba mkopo wa serikali huangaliwa kipato cha wazazi, isipokuwa akithibitisha kwamba anajitegemea. Ametimia miaka 25, au ameoa ama ameolewa, au ana mtoto anayemlea, au amejilisha kwa kazi yake kwa miaka mitatu, au wazazi wote wamekufa, au amelelewa na serikali, au amekatikiwa na wazazi wake kabisa, hakuna mawasiliano. Marekani mpaka wa umri ni miaka 24, na kuna sababu nyingine zinazofanana na hizo.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, kote huko mzazi kukataa tu kulipa, au kukataa kutoa habari zake, hakumfanyi mtoto ahesabiwe kuwa anajitegemea. Wala kugombana naye wiki mbili hakutoshi. La pili, hawachukui neno la mwanafunzi peke yake. Wanataka ushahidi wa mtu anayemjua: mwalimu, daktari, ofisa wa ustawi wa jamii, mtu anayeaminika.

Kwa hivyo kuhesabiwa mbali na mali ya baba ni jambo linalojulikana duniani, na si hila. Lakini haliji kwa kudai, linakuja kwa kuthibitisha. Shikeni neno hilo.

Njia ya kwanza: kumzika aliye hai

Turudi kwa binti yetu. Amekaa kwenye saiba, fomu iko wazi, na yule kijana wa saiba anamwambia, "Dada, andika baba marehemu tu. Utapata haraka. Wote wanafanya hivyo."

Hapo ndipo fomu inapokutana na Ramadhani.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba mtu asiyeacha maneno ya uongo na kuyafanyia kazi, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Wewe umefunga tangu alfajiri, midomo imekauka, kisha saa kumi unaandika kwamba baba yako amekufa, na ukitoka hapo unamwona anapita na gari lake. Funga hiyo imebaki na nini?

Na si uongo wa mdomo tu. Unatia sahihi. Unapotia sahihi unatoa ushahidi. Mtume (S.A.W.) alipoyataja madhambi makubwa kabisa alitaja kumshirikisha Allah, na kuwaasi wazazi, kisha akakaa vizuri, na alikuwa ameegemea, akataja ushahidi wa uongo, akawa anakariri mpaka masahaba wakatamani anyamaze. Sasa mtu anayemwandika baba yake aliye hai kuwa marehemu, je, hakukusanya mawili katika hayo matatu kwa mstari mmoja wa wino?

Kuna jambo jingine ambalo hatulifikirii. Pesa zile zina mpaka. Ukijiweka katika safu ya mayatima, kuna yatima wa kweli anayerudishwa nyuma. Humwoni. Pengine yuko Turkana au Kwale, hujui jina lake, lakini umekula haki yake. Na kila mmoja wetu anajua Allah amesema nini katika Surat An-Nisaa, aya ya 10, kuhusu wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, ni kitu gani wanachokitia matumboni mwao.

Tukiacha ya Akhera, hata dunia hairuhusu. Kutoa habari za uongo katika maombi haya ni kosa la kisheria. Na uongo huu hauishi. Miaka miwili baadaye mdogo wako naye anaomba, anaandika baba yu hai, na namba ya kitambulisho ni ile ile. Baba akija kufa kweli, cheti cha kifo kina tarehe nyingine. Utaeleza nini, kwamba alikufa mara mbili?

Njia ya pili: kunyamaza kwa aibu

Sasa kuna vijana wazuri, wacha Mungu, ambao hawawezi kusema uongo ule. Wao wanafanya kosa la upande mwingine. Wanajaza jina la baba, kazi ya baba, duka la baba, basi. Hawasemi kwamba baba hatoi kitu. Ukiwauliza wanasema, "Ustadhi, ni baba yangu. Nitamwaibisha vipi mbele ya watu? Hiyo si ghiba?"

Masikini, hii ni adabu nzuri iliyowekwa mahali pasipo pake. Matokeo yake kijana anapangiwa daraja la matajiri, anaripoti chuoni muhula mmoja, wa pili anakosa ada, wa tatu yuko nyumbani anaendesha bodaboda ya mtu. Na hakuna aliyejua kisa chake, kwa sababu hakusema.

Sikilizeni kisa hiki, maana ni dawa ya jambo hili. Hind binti Utba alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamlalamikia mumewe, Abu Sufyan. Abu Sufyan hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa mkubwa wa Makureshi na mwenye mali. Hind akasema kwamba mumewe ni bahili, hampi kinachomtosha yeye na wanawe, ila anachokichukua mwenyewe bila mume kujua. Mtume (S.A.W.) akamruhusu achukue kinachomtosha yeye na wanawe, kwa wema, yaani bila kupindukia. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Tuitazame. Mtume (S.A.W.) hakumwambia, "Mume wako tajiri, kwa hivyo huna shida." Alitazama kinachofika mkononi mwa watoto, hakutazama kilichomo katika sanduku la baba. Na hakumkemea kwa kumtaja mumewe kwa ubahili. Ndiyo maana wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, waliitumia hadithi hii kuonyesha kwamba mtu kueleza dhulma au shida yake kwa yule anayeweza kumsaidia si ghiba iliyokatazwa.

Lakini mipaka yake ni hiyo hiyo: kwa anayeweza kukusaidia, na kwa kadiri ya haja. Kuandika kwenye fomu "baba hachangii matumizi wala ada tangu mwaka fulani" ni haki yako. Kukaa barazani unamsimulia baba yako kila jioni, hiyo ni ghiba na hakuna fatwa ya kukuokoa.

Na fiqhi yetu imelijua suala hili kabla HELB haijazaliwa. Katika mlango wa zaka, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wameeleza kwamba mtu anayetoshelezwa na matumizi ya aliye wajibu kumlisha hapewi zaka kwa fungu la mafukara. Lakini matumizi yale yakiwa hayamfikii, hali yake inakuwa nyingine. Swali ni lile lile: kinakufika, hakikufiki?

Njia ya tatu: sema kweli, na uithibitishe

Ndani ya Surat An-Nisaa tena, aya ya 135, Allah anatuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa wa karibu, awe mtu ni tajiri au ni fukara. Wazazi wametajwa, utajiri umetajwa, ufukara umetajwa. Ni kama aya inatuangalia tukiwa mbele ya ile fomu.

Basi ukweli wako uupange. Ofisi haijui machozi ya mama yako, inajua karatasi. Ukienda kuomba, shika mambo haya.

Kwanza, jaza mwenyewe. Saiba ni mahali pa kuchapisha na kupata intaneti, si mahali pa kuandikiwa maisha yako. Soma kila swali. Baba kama yu hai, andika yu hai. Kisha popote fomu inapokupa nafasi ya kueleza, eleza: anayenilea ni mama, au nyanya, au mjomba, kipato chake ni hiki, na baba hachangii. Usichanganye nyumba mbili. Usiandike duka la baba kana kwamba ni lenu, na usifiche biashara ya mama kana kwamba haipo.

Pili, kusanya karatasi kabla ya siku. Kama wazazi wameachana, hati ya talaka kutoka kwa kadhi. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imewapa makadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu, kwa hivyo hati yao ni karatasi ya mahakama. Kama mama aliwahi kupata amri ya mahakama ya matumizi ya watoto na baba hakuitekeleza, hiyo ni dhahabu. Kama mmoja wa wazazi amefariki kweli, cheti cha kifo. Kama ulisomeshwa sekondari na mfadhili, barua yake. Kama ulilelewa katika makao ya watoto, barua ya makao.

Tatu, tafuta shahidi. Chifu, mwalimu mkuu wa shule uliyotoka, imamu wa msikiti wenu. Barua iseme anachokijua mwenyewe, si anachokuhurumia: anamfahamu kijana tangu lini, anaishi na nani, nani alimlipia ada. Barua fupi ya kweli ina nguvu kuliko kurasa tatu za masikitiko.

Nne, ndugu zako wahesabiwe. Wale wa familia kubwa, kama kijana wetu wa Garissa, msione haya. Baba ana wake watatu kwa sheria ya Allah, na watoto kumi na wanne ni riziki. Mshahara wa shilingi 60,000 kwa watu wawili na kwa watu kumi na wanane si kitu kimoja. Andika nani yuko shule gani, na risiti za ada uziweke.

Tano, ukipangiwa daraja lisilo lako usinyamaze. Mwaka 2024 wanafunzi wasioridhika walifunguliwa nafasi ya kukata rufaa. Nafasi kama hiyo ikiwepo ina siku zake za mwisho, na ikipita imepita. Huku ukingoja, nenda katika ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi, uombe kulipa kidogo kidogo. Wanafunzi wengi wanaacha chuo kimya kimya kabla hata ya kubisha mlango ule.

Je, kwa kufanya haya utapata kila ulichoomba? Siwezi kukuahidi. Kuna watakaosema kweli na bado wasipewe haki yao, maana binadamu wanakosea na mifumo ina kasoro. Fomu nyingi zinajua baba aliye hai na baba aliyefariki, hazina kisanduku cha baba aliyeondoka. Hilo ni jambo la viongozi wetu kulirekebisha, na sisi kuwakumbusha. Lakini aliyesema kweli anaweza kurudi kesho na karatasi ile ile akaomba tena. Aliyesema uongo hawezi kurudi, kila akiona bahasha ya serikali moyo unamdunda.

Neno juu ya riba

Najua kuna anayeniuliza moyoni: na hiyo riba? Ni swali la haki. Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza umekuwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Wenzetu Waislamu wa Uingereza nao wanalo jambo hili. Huko ilipitishwa sheria mwaka 2017 iliyoruhusu mpango usio na riba, na miaka mingi ikapita wanafunzi wakiusubiri.

Mimi sitatoa fatwa hapa. Wako masheikh wanaokataza kabisa, wako wanaotazama dharura na hali ya mtu. Nenda kwa sheikh unayemwamini, ukae naye, umweleze hali yako wewe, si hali ya rafiki yako. Ninachosema ni mambo mawili. Ufadhili si mkopo, haurudishwi wala hauna riba, kwa hivyo aliye na haki nao asiuache kwa sababu ya kuogopa mkopo. Na anayechukua mkopo ajue kwamba deni ni lake, si la baba. Baba ameulizwa tu, wewe ndiye utakayelipa. Deni katika dini yetu si mchezo, hata roho ya muumini inafungika nalo. Liandike, weka karatasi zake, na ukipata kazi anza kulipa bila kukimbizwa.

Kwa wazazi na kwa jamaa

Nimalizie kwa wazee wetu, na nasema kwa heshima.

Baba zangu, mke unaweza kumwacha, mtoto haachiki. Hakuna talaka ya mtoto. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi kwa kuwapoteza wale walio chini ya matumizi yake. Sheria ya nchi nayo inasema hivyo: Katiba yetu, kifungu cha 53, imeweka wajibu wa kumtunza mtoto kwa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na Sheria ya Watoto ya 2022 inairuhusu mahakama kuurefusha wajibu huo kupita miaka 18, pakiwa na sababu maalumu. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya mtoto aliyebaleghe na anayeweza kujitafutia, sitaingia huko. Lakini usijifiche nyuma ya neno "ameshakuwa mkubwa" hali ulikuwa humlishi hata alipokuwa mdogo.

Na kama kweli huna, basi mpe mtoto wako kitu kimoja kisichokugharimu hata shilingi: nakala ya kitambulisho chako na ukweli wa kipato chako. Wako vijana wanaozunguka mji mzima wakimtafuta baba awape namba ya kitambulisho tu, naye anawakimbia kama wanaomdai. Hilo ni zito kwako? Mwezi huu wa rehema, mpigie simu mwanao. Anza na salamu.

Maimamu na machifu, barua mnazoandika ni ushahidi. Msimnyime anayestahiki kwa sababu hamumjui mjomba wake, na msimpe asiyestahiki kwa sababu mnamjua mjomba wake.

Na sisi tunaotoa zaka mwezi huu, tuangalie mtaani kwetu. Yule mwanafunzi ambaye serikali imemwona mtoto wa tajiri na tajiri hamwoni, nani atamwona? Ulizeni masheikh, mkiambiwa anastahiki, muwekeeni fungu lake. Kamati ya msikiti ikiweza kumlipia kijana mmoja ile sehemu ya nyumbani kwa muhula mmoja tu, imemzuia asiache chuo, na pengine imemzuia asiandike uongo.

Vijana wangu, shilingi 105,000 ni nyingi. Najua. Sisemi kwa mdomo wa aliyeshiba. Lakini riziki imo mikononi mwa Allah, haimo mikononi mwa kijana wa saiba. Nenda mbele ya fomu ukiwa na wudhu wa ulimi. Baba yako aliye hai mwache awe hai, hata kama amekukosea. Sema yupo, sema hatoi, onyesha ushahidi, kisha umwachie Mola wako. Na ukimaliza kutuma fomu, muombee dua huyo baba. Huenda dua yako ikamrudisha kabla HELB haijajibu.

Allah atuwafikishe tuseme kweli, awafungulie vijana wetu milango ya elimu yenye manufaa, azilainishe nyoyo za wazazi kwa watoto wao na za watoto kwa wazazi wao, na azikubali funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.